Kamera za nyumbani: Wanunuzi walipia macho, wasahau kumbukumbu

WANAONUNUA kamera za ulinzi wa nyumbani kwa mara ya kwanza huingia dukani na swali moja: kamera nne ni kiasi gani? Muuzaji hutaja bei ya boksi, mnunuzi huomba apunguziwe, na biashara huishia hapo. Siku mwizi anapoingia ndipo mwenye nyumba hugundua kuwa alichonunua ni picha ya mtu asiye na sura, au picha iliyokwisha kufutika juzi, au hakuna picha kabisa kwa sababu umeme ulikatika saa nane usiku.

Katika maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, na yale ya Luthuli Avenue, Nairobi, bidhaa hii haikosekani tena. Ushindani baina ya viwanda, vingi vikiwa vya China, umeifanya kamera yenyewe kuwa sehemu nyepesi ya gharama. Uzito uko kwenye vitu ambavyo havionekani ukutani: diski ya kuhifadhia picha, waya, betri na kazi ya fundi. Kwa bahati mbaya ni vitu hivyohivyo ambavyo mnunuzi huvipunguza kwanza anapotaka bei ishuke.

Mfumo wa kwanza wa aina hii kwa ajili ya nyumba haukutokana na duka. Marie Van Brittan Brown, muuguzi mkazi wa Queens, New York, aliomba hataza mwaka 1966 pamoja na mumewe, Albert, na wakaipata mwezi Desemba 1969. Kamera yao ilipanda na kushuka nyuma ya matundu manne ya mlango, picha ikaonekana kwenye televisheni ya ndani, na mwenye nyumba aliweza kufungua mlango au kuita msaada kwa kubonyeza kitufe. Bibi Brown alianza na swali, nani yuko mlangoni, kisha akatafuta kifaa cha kulijibu. Wanunuzi wengi wa leo huanza na kifaa.

AINA TATU SOKONI

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ni ile ya rekoda inayoitwa DVR. Kila kamera huvuta waya wake wa picha, unaofanana na ule wa antena ya televisheni, na waya mwingine wa umeme wa volti 12. Jina la mfumo ni la zamani lakini picha zake si za zamani tena: kamera za megapikseli 2 hadi 5 ni za kawaida katika kundi hili.

Aina ya pili hutumia rekoda inayoitwa NVR na waya wa mtandao wa kompyuta. Hapa waya mmoja hubeba picha na umeme kwa pamoja, na kipande kimoja kinaweza kufika mita 100. Ni ghali zaidi, lakini fundi hufanya kazi kidogo na hitilafu za umeme kwenye viungo hupungua.

Aina ya tatu ni kamera zinazojitegemea, za Wi-Fi au za laini ya simu, nyingi zikiuzwa pamoja na paneli ndogo ya jua. Hizi humfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta, au anayetarajia kuhama. Picha hukaa kwenye kadi ndogo ndani ya kamera. Udhaifu wake uko hapohapo: mwizi akiing'oa kamera ameondoka pia na ushahidi. Kutuma picha mfululizo nje kwa njia ya simu nako si jambo jepesi. Kamera moja inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hutumia zaidi ya gigabaiti 21 kwa siku, kiasi ambacho kifurushi cha kawaida cha familia hakiwezi kukihimili. Zile za jua, ili kuokoa betri, hulala na kuamka zinapohisi mtu, na mara nyingine huamka mtu akiwa amekwisha kupita.

LENZI KABLA YA MEGAPIKSELI

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuulizia megapikseli bila kuulizia lenzi. Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Kimara, yenye ukuta, geti lililo mita 12 kutoka kwenye baraza, mlango wa mbele na mlango wa jikoni upande wa nyuma.

Boksi la kawaida huja na lenzi za milimita 2.8, ambazo huona eneo pana. Mwenye nyumba hufurahi dukani kwa sababu uwanja wote unaingia kwenye kioo. Lakini upana huo ndio unaogawanya picha. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, katika toleo lake la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita moja ya upana ili sura ya mtu asiyefahamika iweze kutambulika bila shaka, na pikseli 125 ili kumtambua mtu anayefahamika tayari. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1,920 kwa upana. Ukizigawa kwa 250, picha haitakiwi kuzidi upana wa mita 7 na nusu hivi.

Kwa lenzi ya milimita 2.8 upana huo hufikiwa mtu akiwa umbali wa mita 3 tu. Aliye getini, mita 12, hubakiwa na pikseli zipatazo 60 kwa mita. Itajulikana kuwa mtu ameingia, amevaa shati la rangi gani na anatembea vipi. Sura yake haitajulikana. Lenzi ya milimita 6 huona eneo jembamba zaidi, lakini hutoa sura hadi mita 8 hivi.

Kwa hiyo nyumba ya Kimara haihitaji kamera nne za aina moja. Inahitaji moja pana ya kuangalia uwanja, na moja nyembamba iliyofungwa karibu na njia ambayo kila mtu lazima apite, yaani geti. Ya tatu iende mlango wa jikoni, ambao kwa kawaida hauonekani kutoka barabarani. Urefu wa mita 2 na nusu hadi 3 unatosha. Kamera iliyofungwa kwenye kona ya ghorofa ya pili haiibiwi kirahisi, lakini huishia kupiga picha za kofia.

Usiku una matatizo yake. Taa za kamera zisizoonekana kwa macho zikielekea ukuta mweupe ulio karibu, mwanga hurudi na kila kilicho nyuma huwa giza. Taa hizo pia huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando mmoja mbele ya lenzi huweza kuharibu picha ya usiku mzima. Kitambaa na ngazi kila mwezi ni sehemu ya gharama za mfumo.

DISKI NDIYO KUMBUKUMBU

Bei ya boksi mara nyingi haihusishi diski. Muuzaji akibanwa bei huweka ndogo kabisa, na mnunuzi haoni tofauti kwa sababu picha ya moja kwa moja inaonekana vilevile.

Hesabu yake ni rahisi. Kamera nne zikirekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde kila moja, zinajaza gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 hujaa kabla ya siku ya sita kwisha, kisha rekoda huanza kufuta za zamani ili ipate nafasi. Rekoda na kamera zenye mfumo wa kubana picha wa H.265 huweza kupunguza mzigo huo hadi karibu nusu bila picha kuharibika sana, na diski hiyohiyo ikafika siku 11.

Familia inayofunga nyumba na kwenda Moshi kwa sikukuu za Desemba hukaa wiki mbili. Mwizi akiingia siku ya pili, na diski ikawa ya siku tano, watakaporudi watakuta picha safi kabisa za nyumba iliyokwisha kuibiwa. Kwa wiki mbili za kamera nne panatakiwa terabaiti 2 kwa mfumo wa H.265, au terabaiti 3 hadi 4 kwa mfumo wa zamani. Kurekodi pale tu kitu kinapotikisika huongeza siku, lakini mti wa mwembe mbele ya kamera hutikisika usiku kucha.

Aina ya diski nayo ina maana. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, ambazo huandika saa 24 bila kupumzika, kama vile WD Purple na Seagate SkyHawk. Ya kompyuta ya mezani itafanya kazi hiyo, lakini haikukusudiwa kwa kazi hiyo. Mnunuzi ajihadhari pia na diski zilizotumika zinazouzwa kama mpya. Mwanzoni mwa 2025 ilibainika katika masoko ya Ulaya kuwa diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi kwa maelfu ya saa zilikuwa zimeuzwa kama mpya. Kila diski hutunza hesabu ya saa ilizofanya kazi, na fundi mwenye kompyuta anaweza kuisoma mbele ya mteja kabla ya fedha kutolewa.

WAYA WA SHABA NA WAYA WA KUPAKWA

Waya ni mahali ambapo mali hafifu huingia bila kelele. Waya mwingi wa bei ya chini ni wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini huzuia umeme zaidi ya shaba kwa mara moja na nusu na ushee. Kwenye kipande cha mita 10 hakuna atakayejua. Kwenye mita 40 hadi getini, volti 12 zilizotoka ndani hufika zimepungua, kamera hufanya kazi vizuri mchana, kisha usiku taa zake zinapowaka umeme haumtoshi mtumiaji huyo mpya na picha hukatika. Mwenye nyumba husema kamera ni mbovu, huibadilisha, na tatizo hubaki palepale.

Kuipima ni kazi ya wembe. Kwangua ncha ya waya: ukiona rangi nyeupe chini ya nyekundu, hiyo si shaba. Roli la alumini pia ni jepesi kuliko la shaba lenye urefu uleule. Waya wa nje upite ndani ya bomba, kwa sababu jua na panya havichagui.

UMEME NA BETRI

Nyumba ya mfano, yenye kamera nne za wati 5 kila moja usiku, rekoda na diski wati 15, na ruta wati 10, inatumia wati 45 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 1 ya Luku na chembe, na kwa mwezi ni uniti zipatazo 32. Kwa Tanzania, kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake kimekuwa uniti 75 kwa mwezi, itaona kamera zimechukua zaidi ya theluthi moja ya nafasi yake. Kaya kama hiyo ikivuka kikomo inaweza kuhamishiwa kundi la bei kubwa, na hapo gharama ya kamera huwa si ya kamera tena bali ya nyumba nzima. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua.

Umeme ukikatika, mfumo usio na betri ni mapambo. Waliopitia mgao wa mwishoni mwa 2023 hawahitaji kukumbushwa. Betri ndogo ya volti 12 na saa-ampea 7, ambayo ndiyo iliyomo katika vifaa vingi vidogo vya kukinga kompyuta, ina wati-saa 84. Kwa karatasi ni karibu saa 2 kwa mzigo wa wati 45. Kwa kweli, ukiondoa upotevu, ni karibu saa 1. Betri ya saa-ampea 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, hutoa saa 10 hivi kupitia inveta, yaani usiku mmoja. Anayetaka kuona nyumba yake kwa simu akiwa mbali akumbuke kuunganisha ruta kwenye betri hiyohiyo.

Rekoda iwekwe mahali penye kufungwa na pasipoonekana, kwa kuwa mwizi mzoefu huitafuta. Wapo wanaoificha juu ya dari. Chini ya bati la Dar es Salaam joto la mchana huua diski mapema. Kabati lenye kufuli na matundu ya hewa ni bora zaidi.

NANI MWENYE UFUNGUO?

Oktoba 21, 2016, tovuti kubwa za Marekani zilishindwa kufunguka kwa saa kadhaa baada ya kampuni ya Dyn kushambuliwa kwa mtandao. Jeshi lililotumika lilikuwa la vifaa vya kawaida, zikiwamo kamera na rekoda, vilivyoambukizwa programu iitwayo Mirai. Programu hiyo haikuwa na ujanja mkubwa: ilijaribu majina na maneno ya siri yapatayo 60 ambayo viwanda huweka kwenye vifaa vipya. Wenye vifaa hawakuwa wameyabadilisha. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Hikvision nayo ilitangaza kasoro iliyoweza kumruhusu mgeni kutawala baadhi ya kamera zake, ikatoa programu mpya ya kuiziba. Asiyesasisha programu ya kamera zake amebaki na tundu hilo.

Hatari iliyo karibu zaidi ni ya fundi. Ili kazi iishe haraka, fundi huandikisha mfumo kwa simu yake na neno lake la siri, kisha humpa mwenye nyumba ruhusa ya kutazama. Tangu siku hiyo mmiliki wa macho ya nyumba ni fundi. Anajua familia inatoka saa ngapi na inarudi lini. Kuandikisha kufanywe kwa namba na barua pepe ya mwenye nyumba, neno la siri aliandike yeye mwenyewe fundi akiwa ametazama pembeni, na fundi aongezwe kama mgeni pale tu anapohitajika.

JIRANI, POLISI NA SAA

Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Picha ya mtu ni taarifa yake. Kamera ielekezwe kwenye geti na uwanja wa mwenyewe, si kwenye uwanja wa jirani wala chumba cha msaidizi wa kazi za nyumbani, na wanaoingia waambiwe kuwa ipo. Ugomvi na jirani hugharimu kuliko lenzi.

Kuhusu ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa jinsi ulivyorekodiwa na kutunzwa. Rekoda yenye tarehe isiyo sahihi inadhoofisha kesi ya mwenyewe. Saa ya rekoda huandika 02:00 pale ambapo mlalamikaji husema saa nane usiku. Maelezo ya polisi yataje zote mbili ili pasiwe na mkanganyiko. Nakala ya picha itolewe siku ileile kabla rekoda haijaifuta, na ile ya asili isiguswe.

JARIBIO KABLA YA MALIPO

Mnunuzi makini hamalizi malipo ya fundi mchana. Hubakiza sehemu hadi usiku, kisha hufanya mambo manne. Humtuma mtu aingie getini na kofia kichwani, atembee hadi mlangoni. Anayeangalia ahukumu kwa picha iliyorekodiwa, si ile ya moja kwa moja. Huzima swichi kuu na kuhesabu muda ambao rekoda inadumu. Hutafuta mwenyewe, bila fundi kushika kitu, tukio la saa moja iliyopita na kulinakili kwenye flashi. Mwisho huzima ruta na kuhakikisha kuwa rekoda inaendelea kuandika hata bila mtandao.

Dukani adai risiti ya mashine ya EFD yenye namba za vifaa, kwani dhamana bila risiti ni maneno tu.

Mwenye fedha kidogo hana sababu ya kukata tamaa wala ya kununua boksi la kamera nane. Kamera mbili zilizochaguliwa lenzi, zenye diski ya wiki mbili, waya wa shaba na betri ya usiku mmoja, zina faida kuliko nane zisizo na hivyo vyote. Rekoda ya njia nne huacha nafasi ya kuongeza mbili baadaye. Na fedha ikiwa haitoshi hata kwa hizo mbili, taa nzuri ya nje, komeo la geti na nondo za dirisha la jikoni zitangulie, maana kamera humwonyesha mwizi aliyeingia; haimzuii mlangoni.

Anayekwenda dukani wiki hii aandike kwanza kwenye karatasi umbali wa geti kwa mita, idadi ya siku anazotaka picha zikae, saa za umeme wa akiba anazohitaji na jina la mtu atakayeshika neno la siri. Baada ya hapo ndipo aulize bei.